Kijito cha Aguaclara Hakina Mafungu

Condoto, 9 Februari 1925

Mdogo wangu Telésforo,

Nyumba nzima inakusalimu, kuanzia Mama mpaka kuku. Mama hajambo, ila goti la kulia linamsumbua mvua ikinyesha, na kwetu unajua mvua hainyeshi siku moja ikapumzika ya pili. Bado anaingia majini. Nikimkataza ananijibu, "We Nicasia, nilikuzaa sinia la kuoshea madini likiwa mkononi, leo unifundishe mto?" Binti wa binamu yetu Crispín ameolewa na kijana mvivu mwenye sauti nzuri. Paa tumeezeka upya. Gazeti lako la Desemba lilifika limelowa. Nikalikausha juu ya meko nikamsomea Mama. Pale ulipowaita watu wa Kampuni ya madini "kunguni wenye kofia nyeupe" alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa sikiliza. Kunguni wamefika kwetu. Jumanne iliyopita wapimaji wanne walipanda Aguaclara na kuchomeka vigingi vyekundu, kuanzia mdomo wa kijito mpaka kwenye jiwe analokalia Mama akiosha changarawe. Mtambo wao, ile nyumba ya chuma inayoelea yenye mnyororo wa ndoo, uko kwenye mto mkubwa chini yetu. Tunausikia ukisaga mchana kutwa. Unapopita hapabaki ukingo wala mti, ni vichuguu vya mawe makavu ambavyo hata magugu yanavikataa.

Jumapili ukoo ulikutana. Matawi yote kumi na moja yameapa kwamba hakuna atakayeuza. Limebaki neno lako. Uko mbali mwaka wa kumi na tisa huu, lakini jina lako halikufutwa. Na hakimu amesema wazi kwamba sheria ya serikali haijui ukoo, inajua warithi. Mrithi mmoja akitia sahihi, Kampuni inaingia kwa mlango wake, na sisi wengine tutafute pa kwenda.

Basi niandikie mistari miwili: hukuuza, wala hutauza. Nitaipeleka kwa hakimu na vigingi vitang'oka. Mistari miwili tu, wewe unayejaza kurasa nane kila wiki.

Dada yako,
Nicasia

*

Cartagena, 14 Machi 1925

Dada yangu Nicasia,

Shikamoo, na ya Mama umfikishie kabla hujaipokea yako. Mimi ni mzima. Kifua kinapiga miluzi kidogo asubuhi, lakini kwa mchapaji hilo ni jambo la kawaida. Habari kubwa ni kwamba gazeti sasa lina mashine yake! Kuukuu, ya Kijerumani, inalia kama punda, lakini ni yangu. Sipigi tena magoti kwa wenye viwanda vya chapa. Nina makasha kumi na manne ya herufi za risasi, na wapagazi walionipandishia ngazini walinilaani mpaka babu zangu.

Niliwaambia, "Jamani, mnalia kwa risasi? Kwetu risasi ni pamba." Wakacheka. Nikawatilia zebaki kwenye kikombe, nikaweka herufi moja juu yake. Ikaelea! Risasi yote ile waliyoivunjia mgongo ikaelea kama kizibo. Kisha nikaweka kile kipande cha platini nilichoondoka nacho nyumbani. Kikazama moja kwa moja.

Hayo ndiyo nitakayoandika Aprili, dada, na waache waniite mchochezi. Nimesoma mengi juu ya vitu vizito. Wataalamu wanasema uzito ni wa namna mbili. Kuna uzito wa chembe moja moja, na hapo hakuna anayeishinda urani. Na kuna uzito wa kushikana, chembe zilivyobanana bila nafasi, na hapo mfalme ni osmi, akifuatwa hatua moja nyuma na iridi, kisha platini yetu. Jaza chupa ya divai osmi tupu, umemlemea mwanamke kama aliyebeba mtoto wa miaka minne. Na hizi zote ziko wapi? Katika changarawe ya watu weusi wa jimbo letu la Chocó! Mhispania aliiona platini akaiita takataka ya fedha, akaamuru itupwe mtoni isije ikachanganywa na dhahabu ya mfalme wake. Babu zetu ndio waliopewa kazi ya kuitupa. Leo wajukuu wa watupaji wanaambiwa hawana hati! Aliyeitupa kwa dharau ana hati, aliyeiokota kwa magoti yake hana. Nitawachapa, Nicasia. Nitawachapa mpaka waombe maji.

Angalia mwandiko wangu ulivyonyooka. Nimepata kalamu mpya, ya dhahabu, ncha yake ina chembe ya osmi na iridi. Haichakai hata ukiandikia jiwe. Fikiria, huenda chembe hiyo imetoka kwetu.

Msiogope vigingi. Ukweli una nguvu kuliko vijiti vya wapimaji. Neno langu mnalijua.

Mdogo wako mtiifu,
Telésforo

*

Condoto, 20 Aprili 1925

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu, anauliza kama kifua unakisugua mafuta au unakiachia maneno. Binti wa Crispín ana mimba. Mto umejaa mara mbili.

Barua yako niliisoma kibarazani mbele ya ukoo. Nilipofika kwenye urani, mzee mmoja akasema, "Kijana kasoma." Nilipomaliza, mwingine akauliza, "Na ile mistari miwili iko wapi?" Nikapekua kurasa mbele yao. Niligeuza hata bahasha, Telésforo. Umetuandikia kila kizito kilichoko duniani isipokuwa neno lako.

Hizo osmi na iridi unazozisifia nazijua bila kitabu. Ni zile chembe nyeupe ngumu zinazobaki chini ya sinia hata platini ikishaondoka. Mnunuzi akizichoma moto hutoa harufu kama figili iliyooza, macho yanamwaka siku mbili. Naona zimepata cheo huko mjini.

Vigingi vimepanda mpaka kwenye maporomoko. Wiki iliyopita mwanasheria wa Kampuni alikuja, kijana wa suti nyeupe, akatukuta wanawake majini. Akasimama ukingoni asilowane.

"Mnapiga kelele za nini, mama zangu? Mmoja wenu keshauza."

Nikamwuliza, "Nani?"

"Ulizaneni. Ni ukoo wenu."

"Una karatasi?"

"Hakimu ataiona siku ikifika."

Akaondoka anatabasamu. Tangu saa ile tunatazamana kama watu waliopotelewa na kuku. Na kwa kuwa Crispín ndiye aliyeezeka nyumba kwa mabati mwezi Machi, macho yote yalimwendea yeye. Aliapa kwamba mabati ni mahari ya binti yake. Hakuna aliyemsikiliza. Alhamisi walimvunjia sinia lake mbele ya nyumba yake, na unajua maana ya kuvunjiwa sinia: hana tena mguu katika Aguaclara, yeye wala kizazi chake. Mkewe sasa anapiga mbizi kwenye mto mkubwa, jiwe mgongoni limvute chini, anachota changarawe iliyoachwa na mtambo.

Mimi nilikuwepo wakati sinia linavunjwa. Sikusema kitu.

Andika mistari miwili. Na uniambie, ni nani aliyekupa kalamu ya dhahabu? Mimi sijasoma vitabu vyako, ila nimewahi kuona watu wakipewa kalamu. Huwekewa karatasi kwanza.

Nicasia

*

Cartagena, 2 Juni 1925

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na kwa Mama. Usinilaumu kwa kuchelewa, nililala wiki mbili kwa homa. Natuma chupa ya mafuta kwa goti lake, apake asubuhi na jioni, asiyanywe kama alivyokunywa yale ya mwaka juzi.

Mrudishieni Crispín sinia lake. Hakuuza. Najua. Mwambie mkewe atoke kwenye mto mkubwa, kingo zile zimelegezwa na mtambo.

Nina swali moja la kisheria tu. Ikiwa mtu ameuza fungu lake mwenyewe, lile lililomwangukia yeye peke yake, si mafungu ya wengine yanabaki palepale, salama?

Nakuomba unijibu upesi.

Telésforo

*

Condoto, 28 Juni 1925

Telésforo,

Sisi wazima. Paa halivuji. Habari ndizo hizo.

Umeandika kwamba Crispín hakuuza na kwamba unajua. Katika mto huu wote ni watu wawili tu wanaoweza kulijua hilo kwa hakika: mwanasheria wa Kampuni, na yule aliyeuza. Wewe si mwanasheria.

Unaniuliza habari za fungu. Fungu gani? Nionyeshe lilipo. Ni maji ya Jumatatu? Ni changarawe ya upande wa kushoto? Au ni lile jiwe la Mama, tulipasue tukupe upande wako? Umesahau, au ulikuwa mdogo mno ulipoambiwa, nami nikadhani mtu hawezi kusahau jambo hili kama hawezi kusahau kutembea. Bibi yetu Petrona aliwaoshea mabwana siku sita, na Jumapili na sikukuu akajioshea nafsi yake, sinia baada ya sinia, mpaka akajinunua. Kisha akamnunua mumewe. Kisha watoto, mmoja mmoja. Mwisho kabisa akanunua kijito. Wazee walipomwambia akigawe kwa watoto wake alikataa, kwa sababu alikwisha kuona watu wakigawanywa. Aliona mama akienda kwa mrithi huyu na mwanawe kwa mrithi yule. Akasema kijito hiki hakina mafungu, anayekiosha ni wake chote, anayekiacha si wake hata tone, mpaka arudi. Hiyo ndiyo hati yetu. Haina muhuri, na ina miaka mia moja.

Wewe uliyewaambia watu wa Cartagena kwamba Mhispania hakujua thamani ya alichokitupa!

Mke wa Crispín aliangukiwa na ukingo tarehe 3. Walimtoa hai. Mkono wa kulia hautapona ukawa mkono. Barua yako ya kumtahadharisha ilifika wiki tatu baadaye.

Ulitia sahihi?

Nicasia

*

Cartagena, 30 Julai 1925

Dada,

Nilitia. Tarehe 11 Januari, wiki nne kabla ya barua yako ya kwanza. Ilipofika ile barua ya vigingi niliisoma nimesimama mlangoni, na nikaandika kurasa za urani na osmi kwa sababu mkono ulikataa kuandika jambo jingine. Mtu aliyezoea kupiga kelele, akitaka kuficha kitu hupiga kelele zaidi.

Sikusingizii umaskini. Nitakwambia nilivyofikiri, kisha unihukumu. Niliandika dhidi yao miaka saba kwa mashine za kukodi. Kila nikiwapiga sana, mwenye mashine anatishwa, ananifungia mlango. Mwanasheria yuleyule wa suti nyeupe akaja na karatasi: "Bwana, unauza kilicho chako, hakuna anayeguswa." Nikafikiri kama watu wa huku wanavyofikiri. Huku mtu huuza chumba chake ghorofani, na jirani wa chini akaendelea kukaanga ndizi zake kama kawaida. Nikajiambia: nitanunua mashine kwa fedha ya Kampuni na kuwachapa nayo Kampuni. Niliona ni ujanja. Usiku ule nililala nikicheka.

Ndivyo nilivyouza mto ili ninunue silaha ya kuutetea. Kama angefanya hivyo mtu mwingine ningeandika juu yake kurasa nane, na kila mstari ungekuwa wa haki.

Nimewaendea. Nimewapelekea mashine, makasha yote, hata ile kalamu. Mwanasheria hakuinuka kitini. "Mzigo wa chuma tutaufanyia nini? Tunataka changarawe." Nimeandika makala ya kujishitaki, lakini sijaichapisha, kwa sababu wakili wangu amesema nikikiri kwamba niliuza, ninathibitisha mauzo.

Mama alinipaka kitovuni unga wa platini nilipozaliwa, ili niwe mzito, nisichukuliwe na kila maji. Wewe alikupaka kucha ya chui, nawe umekuwa hivyohivyo. Mimi dawa ilidunda.

Barua yako iliyopita haikuwa na salamu za Mama. Amejua? Amesema nini? Hata akinilaani niandikie, maneno yaleyale aliyoyasema.

Telésforo

*

Condoto, 5 Septemba 1925

Telésforo,

Barua yako niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama. Nilifikiri kuiruka sehemu ya kitovu. Sikuiruka.

Crispín tulimwendea, ukoo mzima, miguu mitupu. Tulimpelekea sinia jipya. Alilipokea, akalijaribu uzito kwa mkono, akaingia ndani akafunga mlango. Sasa anaosha nasi, hasemi na mtu.

Nitakueleza shauri lilipofika, kwa utaratibu, maana tarehe 20 Oktoba, baada ya sikukuu ya Bikira wa Rozari, hakimu atakata. Kampuni imemwonyesha karatasi yako. Hakimu si mtu mbaya. Alisema, "Karatasi ni safi. Mrithi kauza, mnunuzi anaingia. Ningeweza kuibatilisha kwa njia moja tu, kama aliyeuza hakuwa mrithi."

Mwanasheria akacheka, akasema kila mtu wa mto huu anajua wewe ni mtoto wa Domitila Ibargüen. Hakimu akataka ushahidi. Kitabu cha ubatizo cha mwaka wako kililiwa na mchwa, padri alikileta mwenyewe, kimebaki jalada. Mwanasheria akamwita Bi Eufrasia, mkunga.

"Bibi, si wewe uliyemfunga kitovu Telésforo, mwana wa Domitila?"

"Mwanangu, nimefunga vitovu vya watu mia sita. Sura siziangalii. Nionyeshe kitovu chake nitakuambia kama ni kazi yangu."

Watu walicheka mpaka karani akaangusha wino. Lakini Bi Eufrasia hakukana. Aliapa kwa msalaba, na ni mtu mzima anayekaribia kufa; hatasema hakukufunga ikiwa alikufunga.

Basi wote wakamgeukia Mama. Wazee walimjia nyumbani siku tatu mfululizo. Hawakumlazimisha. Walimwambia tu kwamba roho mia na arobaini zinakula kutoka Aguaclara, na kwamba ni neno moja: sikumzaa. Siku ya tatu akawajibu. Uliomba maneno yaleyale, haya hapa: "Nilikaa na uchungu wa huyu kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili. Mkinitaka niseme mimi ni mwizi, nitasema. Mkinitaka niseme ni mchawi, nitasema. Hilo siliwezi. Mtoto mjinga bado ni mtoto." Kisha akaenda kupika.

Toka siku ile amekataa kuingia majini. Anakaa mlangoni. Anasema kama kijito kitachukuliwa kwa sababu ya tumbo lake, hana haki ya kukigusa.

Hakulaani. Salamu zake hakuzituma kwa sababu kila akianza kuzisema anasahau alikuwa anataka kusema nini.

Mtambo umehama. Sasa uko mkabala na mdomo wa kijito chetu, unangoja tarehe.

Sikuombi kitu. Nimekueleza tu.

Dada yako,
Nicasia

*

Cartagena, 29 Septemba 1925

Kwa Bibi Nicasia Ibargüen, Condoto

Bibi,

Hatujuani, na nakuomba radhi kwa kukuandikia. Karatasi hii unaruhusiwa kumwonyesha yeyote. Nakala yake yenye muhuri imetumwa kwa hakimu kwa meli hiihii ya mto Atrato.

Mimi niitwaye Telésforo, mchapaji, nimekiri leo chini ya kiapo kwamba sikuzaliwa na Bi Domitila Ibargüen, wala na mtu yeyote wa ukoo huo. Niliokotwa mwaka wa mafuriko, 1884, ndani ya mtumbwi uliokwama kwenye magogo, nikiwa bado na damu ya uzazi, pembeni ya mwanamke aliyekwisha kufa ambaye hakuna aliyemjua. Mkunga alinifunga kitovu palepale ukingoni. Kwa hiyo anayekumbuka kunifunga hakosei. Bi Domitila alikuwa na maziwa akaninyonyesha, kwa sababu hiyo ndiyo tabia yake, na akaniita mwana kwa sababu hajui kumwita mtoto kwa jina jingine. Akiulizwa leo atasema hivyohivyo, na hasemi uongo. Asisumbuliwe kwa kiapo. Nilielezwa asili yangu kabla sijaondoka mto huo. Nikaificha kwa makusudi, nikalitumia jina la Ibargüen bila haki, na tarehe 11 Januari mwaka huu nikauza kisicho changu kwa mnunuzi ambaye hakutaka kuuliza.

Kosa hilo lina kifungo, nami nimekwisha kujipeleka. Mashine ya chapa imechukuliwa kama kidhibiti. Nimepewa mpaka kesho saa nne kufunga chumba. Ofisa aliyeandika maelezo yangu ni msomaji wangu wa zamani. Aliweka kalamu chini akasema, "Bwana, miaka saba unatuambia mwandishi asiseme uongo hata akikatwa kichwa." Nikamwambia aandike.

Sina ndugu katika mto Condoto. Sitadai kuingia katika kijito cha Aguaclara, wala kuzikwa karibu nacho, wala watoto wangu, nikijaliwa kuwa nao. Mtu huyo Crispín aliyedhulumiwa kwa ajili yangu, yeye na mkewe, wana haki ya kunishitaki peke yao, na sitajitetea.

Huenda una barua kadhaa zangu ambamo nilijifanya kukuita dada. Zina madhara kwa shauri lenu. Zichome kabla ya tarehe 20, zote, na hii ya leo tu uibakize. Mimi za kwako nilizokuwa nazo nimekwisha kuzificha pasipoonwa na mtu.

Ninaomba jambo moja, kama mgeni anaruhusiwa kuomba. Maelezo haya yatasomwa kwa sauti katika baraza la hakimu, na madirisha ya baraza hayana vioo. Asubuhi hiyo mwondoeni yule bibi mzee mjini, asiyasikie. Mwambieni maji yamepungua, mpelekeni Aguaclara juu kabisa, kule kwenye maporomoko, mkae naye mpaka karani amalize.

Telésforo